Kabla ya kuchagua kihariri, chomoa modemu

Saa tatu usiku, mvua ikipiga mabati ya nyumba yetu pale Nguba, mjini Bukavu, simu ililia. Alikuwa Mama Katibu, mwenye kushughulikia karatasi zote za ushirika wa wakulima wa kahawa niliowatengenezea tovuti.

"Mwanangu, ile site haifunguke. Iko nyeupe pe. Na wanunuzi wa Ulaya wanaiangalia leo hii."

Tumbo lilinikata, kwa sababu nilikuwa nimeigusa tovuti ile saa moja tu iliyopita. Siku zile, mwaka 2017, nilikuwa na namna moja ya kufanya kazi. Nafungua programu ya FTP, ya kuhamisha mafaili kati ya laptopu na seva (kompyuta ya mbali inayobeba tovuti), nabofya faili mara mbili, linashuka hadi kwenye laptopu, linafunguka ndani ya Notepad++, kihariri changu, yaani programu ya kuandikia msimbo, nabadilisha, nahifadhi, na ile programu ya FTP inalirudisha kwenye seva. Jioni ile nilikuwa narekebisha mistari miwili tu ya functions.php. Nikabonyeza Ctrl na S, na hata sijaondoa kidole, umeme ukakatika mtaa mzima. Kisanduku cha intaneti kikazimika nao. Laptopu ilikuwa na betri, kihariri kilionyesha kwamba faili limehifadhiwa, basi nikafunga kifuniko nikaenda kula.

Nilipopata simu ya Mama Katibu niliwasha intaneti ya simu yangu, nikaunganisha laptopu, nikalifungua lile faili upande wa seva. Lilitakiwa kuwa na mistari zaidi ya 900. Nilikuta 388, na mstari wa mwisho umekatikia katikati ya neno, kama mtu aliyezibwa mdomo akiongea. Kwenye seva nyingi FTP hufanya hivyo: inapoanza kupokea faili jipya lenye jina lile lile, la zamani linafutwa papo hapo, kisha vipande vipya vinaandikwa kadiri vinavyofika. Vikikwama njiani, kinachobaki ni nusu. PHP, lugha ya msimbo wa tovuti ile, ikikuta nusu ya faili haiendelei, na kwa kuwa nilikuwa nimezuia wageni wasionyeshwe makosa, walichoona ni ukurasa mtupu.

Nilituma nakala nzima. Baada ya dakika chache tovuti ilirudi. "Aksanti, mwanangu," alisema Mama Katibu, na hakuongeza neno. Lakini nililala macho wazi. Miaka yote ile nilikuwa naamini kwamba kuhifadhi ni kitendo kimoja, unabonyeza na kimeisha. Kumbe mimi nilihifadhi mara mbili: mara ya kwanza kwenye diski ya laptopu, iliyokuwa mbele yangu, na mara ya pili kwenye diski iliyoko Ulaya, ambayo siioni. Kihariri kiliniambia habari za ile ya kwanza peke yake.

Kesho yake nikapanda hadi kwa mtu tunayemwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Si ndugu yangu wa tumbo moja, ni mkubwa wa mtaa tu, ila kwa mambo ya mitambo sisi wote tumepita mikononi mwake. Kabla ya nyaya za kasi kufika kwetu, alikuwa fundi wa masahani ya setilaiti. Nilimweleza yaliyonipata, kisha nikamuuliza swali nililokuwa nimebeba tangu usiku: kihariri gani ni kizuri kwa kazi ya seva za mbali?

Akaniambia, "Mdogo, usiniulize kipi kizuri. Jiulize nini kinasafiri. Halafu jiulize, kikikatikia njiani, kinabaki wapi?"

Nilitaka jina la programu, nikaondoka na maswali mawili. Leo nikitazama nyuma naona kwamba sijawahi kupewa ushauri wa kazi uliozidi huo.

Yaya alijua kwa nini anauliza hivyo. Setilaiti zile za zamani hukaa juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 35,786. Ukibonyeza herufi moja, inapanda hadi kule, inashuka hadi kwenye seva, na jibu lake linapanda tena na kushuka tena. Zidisha kimo hicho mara nne, gawanya kwa kasi ya mwanga, utapata karibu nusu sekunde, na hapo bado hujahesabu muda wa mashine zenyewe. Yaya aliandika hivyo kwa miaka. Anabonyeza, anasubiri, anaona herufi. Mtu aliyezoea hali hiyo hawezi kupenda kihariri kwa sababu ya rangi zake.

Nikaanza kupima vitu vyangu kwa maswali yake. Nilipima kwanza umbali: kutoka chumbani kwangu hadi kwenye seva ya ushirika, kwenda na kurudi, milisekunde 240 usiku watu wamelala, na zaidi ya 600 saa za jioni. Kisha nikapima vinavyosafiri. Kwa FTP, faili zima linashuka na faili zima linapanda, hata kama umebadilisha nukta moja. Nikajaribu na sshfs, inayoifanya folda ya seva ionekane kama folda ya laptopu. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu niliomba kihariri kitafute neno ndani ya mradi mzima, na kila faili la mradi likaanza kuvutwa kupitia mega zangu, moja baada ya jingine. Mtandao ulipoyumba dirisha lote likaganda, halisogei wala halifungiki. Sikuirudia.

Kulikuwa na njia nyingine, ambayo Yaya mwenyewe aliitumia: kihariri kinakaa kule kule kwenye seva, faili halihami hata kidogo, na kinachosafiri ni herufi unazobonyeza tu na picha ya maandishi inayorudi. Unaingia kwa SSH, njia salama ya kuandika amri kwenye seva ya mbali, unaandika vi na jina la faili, umefika.

Nilikuwa nimeikimbia vi, kihariri hicho, tangu chuoni. Unaifungua, unabonyeza herufi, badala ya kuandika inafuta mstari. Niliiona kama kitu cha wazee. Ila Yaya alinisimulia ilikotoka, na baada ya kuijua historia yake sikuweza tena kuidharau.

Bill Joy aliiandika Berkeley, kule California, mwaka 1976, na kazi nyingi aliifanya nyumbani kwake kwa modemu ya baudi 300. Hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Fanya hesabu: skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 1,920, na kwa mwendo ule kuichora yote kunachukua zaidi ya dakika moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kutengeneza kihariri kinachochora skrini upya kila unapogusa kitu. Alilazimika kufanya kila herufi ibebe maana. Ndiyo sababu kuna hali ya amri na hali ya kuandika. Ndiyo sababu dd inaondoa mstari mzima, na nukta moja inarudia tendo la mwisho. Hata kutembea kwa h, j, k na l kuna sababu: kwenye terminali (skrini na kibodi) aliyotumia, ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya vitufe hivyo hivyo, na Esc, ya kutoka kwenye hali ya kuandika, ilikaa pale ambapo leo tuna Tab, karibu kabisa na kidole.

Ule mtandao wa polepole wa Joy mwaka 1976 niliutambua mara moja. Ni wa kwetu, saa moja jioni. Kihariri nilichokiona cha kizamani kilitengenezwa na mtu mwenye shida yangu hasa.

Kujifunza kulinichukua miezi, sitaficha. Wiki ya kwanza nilikuwa mzito kuliko mtoto anayejifunza kuandika. Nilibandika karatasi ukutani yenye amri kumi, nikajikataza kutumia nyingine kabla hizo hazijaingia mikononi. Mabadiliko niliyaona siku nilipotakiwa kubadilisha mwaka wa mavuno kwenye ukurasa mrefu wa bei za ushirika. Niliandika :%s/2019/2020/g, nikabonyeza Enter. Herufi 15 zilisafiri hadi Ulaya, faili zima likabadilika kule kule, na kilichorudi ni skrini moja ya maandishi. Kwa FTP ningelishusha na kulipandisha faili zima, nikiomba Mungu umeme usikatike.

Na kuna jambo lililonigusa ambalo halihusiani na kasi. Toleo ninalotumia ni Vim, ambalo Bram Moolenaar, Mholanzi, alilitoa kwa umma mwaka 1991. Ukilifungua bila jina la faili, mara nyingi linakuonyesha maneno machache katikati ya skrini, na mstari mmojawapo unaomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Usiku ule wa kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Niko Bukavu, nimeingia kwenye mashine iliyoko Ulaya, na mashine inanitajia Uganda, nchi jirani. Nikafuata maelezo. Moolenaar alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, mwaka 1994, kwenye kazi ya maji na usafi, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi, badala ya kudai malipo kwa programu yake, akaomba watu wawachangie watoto wa kule. Alifariki Agosti 2023. Yaya alinipigia simu kunipa habari, na tulikaa kimya kidogo kwenye simu, wote wawili, kwa ajili ya mtu ambaye hatukuwahi kukutana naye.

Sasa swali la pili la Yaya: kikikatikia njiani, kinabaki wapi? Hapa Vim iliniteka moyo kabisa. Wakati unaandika, inaweka pembeni faili la akiba lenye mwisho wa .swp, na bila kubadilishiwa mipangilio inaliandika kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde nne. Umeme ukikatika Bukavu, seva yenyewe haina habari, na lile faili la akiba liko kule. Ukirudi unafungua faili lako, Vim inakuonya kwamba kuna akiba, unabonyeza R, na maneno yako yanarudi, pengine yakipungua machache ya mwisho. nano, kihariri kingine chepesi cha kwenye seva, nayo ina namna yake: mawasiliano yakivunjika, inaandika ulichokuwa nacho kwenye faili lenye jina lile lile likiongezewa .save. Watu wengi wanaotumia nano kila siku hawajui hilo, wanaanza upya kazi ambayo iko palepale, umbali wa amri moja.

Nisieleweke vibaya, mimi si mtu wa kusema kwamba kila mwenye akili lazima atumie Vim. Mwaka 2019 Microsoft walipotoa nyongeza ya kihariri chao, VS Code, ya kufanya kazi kupitia SSH, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Wazo lake ni zuri sana. Dirisha unaloliona liko kwenye laptopu, hivyo unapoandika hakuna kusubiri hata kidogo, herufi inaonekana papo hapo hata kama seva iko mbali. Sehemu nzito, ile inayosoma mafaili na kuelewa msimbo, inapelekwa kwenye seva na kukaa ndani ya folda ya .vscode-server. Mtandao ukikatika, maandishi ambayo hujahifadhi yanabaki kwenye dirisha lako, na programu inajaribu kuunganika tena. Kwa maswali ya Yaya, hayo ni majibu mazuri.

Kosa langu lilikuwa kusahau kuuliza seva yenyewe ina nguvu gani. Nilikuwa nahudumia tovuti ya nyumba ya wageni, kando ya ziwa, juu ya seva ndogo ya bei nafuu yenye kumbukumbu (RAM) ya megabaiti 512. Ndani yake tayari kulikuwa na nginx inayohudumia kurasa, PHP na hifadhidata ya MySQL, zimebanana. Nikaunganisha VS Code, nikafungua mradi, na zile nyongeza zangu zote za PHP zikaanza kuusoma. Baada ya muda mfupi tovuti ikaandika kwamba haiwezi kuunganika na hifadhidata. Nilihangaika na nenosiri, na ruhusa, na mipangilio ya MySQL. Mwishowe niliandika dmesg, amri ya kusoma taarifa za mfumo wenyewe, na pale ndipo nilipoona mstari wenyewe: kumbukumbu ilikuwa imejaa, na Linux, inapofika hapo, huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi. Kwa kawaida inachagua iliyoshika nafasi kubwa. Iliua MySQL. Wageni walikuwa wanajaribu kuagiza vyumba wakati mimi nimekalia kiti chao.

Maelezo ya VS Code yako wazi kabisa: angalau gigabaiti 1 ya kumbukumbu upande wa seva, na inashauriwa 2 pamoja na kichakataji chenye viini viwili. Sikuwa nimeyasoma. Kwenye seva zenye nguvu za kutosha naitumia hadi leo, hasa kwenye seva ya majaribio yenye mradi mkubwa, na inanisaidia. Ila tangu siku ile, kabla sijaunganisha chochote kizito, naandika free -m kwanza, kuona kumbukumbu iliyobaki. Vim, kwa faili la kawaida, inachukua megabaiti chache tu.

Yapo mawili niliyoyaongeza baadaye ambayo si vihariri, na bila hayo kihariri chochote kingenitesa. La kwanza ni tmux. Inafungua kikao kinachoishi kwenye seva, si kwenye laptopu yako. Laptopu ikizimika, kikao kinaendelea. Ukirudi unaandika tmux attach na kila kitu kiko kama ulivyokiacha, kishale kiko hata kwenye herufi ile ile. Bila tmux, ukikatika ghafla, mara nyingi seva haijui bado kwamba umeondoka. Ukirudi na kufungua faili lako, Vim inakuambia kwamba kuna mtu analihariri na bado yuko hai. Mtu huyo ni wewe wa dakika tano zilizopita. Nimeona vijana wakichagua kuendelea tu, na kujikuta na matoleo mawili ya faili moja.

La pili ni Mosh, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2012. Inaingia kwa SSH, kisha inahamia kwenye UDP, namna nyingine ya kusafirisha data, na haijali anwani yako ya mtandao ikibadilika. Pia inakisia herufi unayoandika na kuionyesha kabla seva haijajibu, ikiipigia mstari chini mpaka ithibitishwe pale mtandao unapokuwa mbaya. Kwa mji wetu hilo la kuhama lina maana kubwa. Mto Ruzizi ndio mpaka wetu na Rwanda, na sisi wa Nguba tuko karibu nao. Wengi tuna kadi mbili za simu, ya Kongo na ya Rwanda. Siku moja nilianza kurekebisha mipangilio ya nginx nyumbani, kwa mtandao wa Kongo. Nilikuwa na shughuli Kamembe. Nikafunga kifuniko cha laptopu kazi ikiwa katikati, nikashuka hadi daraja la Ruzizi, karatasi zikagongwa muhuri upande huu na upande ule, nikapanda pikipiki. Kule Kamembe nikafungua kifuniko, nikaunganisha na kadi ya Rwanda, nikangoja sekunde chache. Skrini ilijichora, kishale kikiwa kwenye mstari ule ule wa server_name. Nilikuwa nimebadilisha nchi, kampuni ya simu na anwani, na seva haikuona tofauti. Niliandika nginx -t kuhakiki, nikapakia upya, nikaenda zangu.

Naomba anayeanza anisikilize kwa jambo moja hapa. Kuhariri tovuti ya mteja moja kwa moja, ikiwa hewani, ni tabia niliyoiacha kwa sehemu kubwa. Msimbo wenyewe nauandika kwenye laptopu, ndani ya kihariri chochote ninachojisikia siku hiyo, hata umeme ukiwa umekatika na intaneti haipo. Nauweka kwenye git, inayotunza historia ya mabadiliko, halafu naupeleka kwa rsync. rsync inapeleka tofauti tu na si faili zima, na inaandika kwanza kwenye faili la muda lililofichwa; likikamilika ndipo inalipa jina halisi. Ukikatikia njiani, la zamani liko salama, tovuti haijui kama kuna kitu kilijaribiwa. Ningekuwa na hiyo mwaka 2017, Mama Katibu asingenipigia simu. Kihariri cha kwenye seva nakitumia kwa mambo ya seva yenyewe: nginx, ratiba za cron, kusoma kumbukumbu za makosa, na yale marekebisho ya dharura ambayo hayangoji. Na kwa faili la sshd_config, lenye mipangilio ya kuingia kwa SSH na uwezo wa kukufungia nje ya nyumba yako mwenyewe, nafungua madirisha mawili, nahakiki kwa sshd -t, na sifungi dirisha la kwanza mpaka la tatu, ninalolifungua upya, liweze kuingia.

Mwaka jana nilimpokea dada mmoja mwanafunzi, wa Kadutu, aje kujifunza kazi. Siku ya tatu aliniuliza swali lile lile nililompelekea Yaya.

"Yaya, mimi nitumie kihariri gani?"

Sasa mimi ndiye Yaya. Nilitaka kumjibu Vim, neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikamwekea mezani seva tupu ya majaribio na modemu ya USB, nikamwambia aandike aya moja, popote, kwa kihariri chochote, na katikati ya sentensi achomoe modemu.

Alinitazama kama ninamtega. Kisha akaanza. Kwa FTP aliandika, akahifadhi, akachomoa wakati mshale wa kupanda unatembea. Alipochomeka tena akakuta faili lina baiti sifuri. Hakusema kitu, akaandika kwenye daftari. Kwa nano ndani ya SSH ya kawaida, skrini iliganda. Alirudi kupitia dirisha jingine akaona hakuna .save, akanigeukia, nikamwambia asubiri, seva haijajua bado kwamba ameondoka. Tulichemsha chai. Baadaye .save ikatokea, akalifungua, sentensi yake iko. Kwa Vim alipata lile onyo refu la akiba, akalisoma lote kwa sauti, polepole, akabonyeza R. Kwa VS Code alikuta maandishi yake hayajatoka kwenye dirisha. Mwisho akajaribu nano ndani ya tmux, na hapo alichomoa modemu mara nne mfululizo, akitaka kuona kama itamwangusha.

Alichagua hiyo ya mwisho. Alisema amri za nano zimeandikwa chini ya skrini, hana haja ya karatasi ukutani, na tmux inalinda yaliyobaki. Sikubishana naye. Majibu yake kwa maswali yote mawili yalikuwa sahihi, na aliyapata kwa mikono yake.

Wiki mbili baadaye alikuwa anarekebisha ukurasa wa mbele wa tovuti ya shule moja, jioni, mimi niko upande wa pili wa meza. Umeme ukakatika. Nje watu walipiga ile kelele ya kila siku, watoto wakakimbilia barazani. Yeye hakuinua kichwa. Aliwasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye kikombe, akachomeka modemu, akaingia upya, akaandika tmux attach. Skrini ikajaa. Kishale kilikuwa kinawaka na kuzimika mbele ya neno ambalo halijaisha, "Karib".

Akaandika "uni", akahifadhi.